Mkono Kwenye Nondo

Rafiki yangu, wakili wa kesi za jinai, ni mbishi. Hata mahakimu wanamjua. Mchana mmoja alishuka mahabusu ya mahakama kumwona mteja ambaye mji mzima ulishamhukumu. Alipofika mlango wa selo, umeme ukakatika. Gizani, kati ya nondo, vidole vya baridi vikamshika mkono.

“Usiogope, ndugu yangu. Wakukane wote, mimi sikuachi,” wakili akamwambia.

Akasikia pumzi tu, nzito.

Taa ziliporudi, pingu zililia nyuma yake. Askari alikuwa akimleta mteja.

“Samahani, wakili, nilimpeleka chooni. Unaongea na nani?”

Selo ilikuwa tupu. Wakili akavuta mkono, haukutoka. Akakaza uso.

“Na mteja mwingine. Huyu naye simwachi.”

Vile vidole, ambavyo hakuna aliyeviona, vikazidi kumbana.