Ngoma za Mzee Mbaka

Jua lilikuwa linazama Swaib, fundi wa kompyuta, alipoegesha pikipiki yake nje ya nyumba ya Mama Marcella, mbele kidogo ya soko la Kiritiri. Alitaka kazi iishe upesi arudi Embu mjini. Binti yake Rukaya hakukubali kulala bila kumwona. Ndiye mtoto wa pekee ambaye yeye na mkewe Amira walimpata, tena walipokuwa wamekwisha kukata tamaa. Kwa hiyo Swaib alikuwa baba wa kuchekwa na majirani. Mtoto akipiga chafya mara moja, yeye keshavaa viatu kwenda kwa daktari.

Marcella, mjane wa Mzee Mbaka, alimfungulia mlango lakini hakuingia naye. Alibaki kizingitini ameshika leso yake.

"Ni hiyo," alinong'ona, akionyesha kompyuta kuukuu mezani. "Jua ikianza kuingia, inajiwasha."

"Hiyo ni shida ya stima tu, mama."

"Si stima. Hii kitu iko na ngoma."

Swaib alitabasamu. Alikuwa mtoto wa mjini, Kiswahili ndicho alichokulia, na Kimbeere chake kiliishia kwenye salamu. Kompyuta za wazee alizijua. Hukosi humo nyimbo za ujana wao, zimejazwa mpaka mashine inashindwa kupumua.

"Ziko nyingi?"

"Ni wengi."

Alimsahihisha kimoyomoyo. Watu wa huku na ngeli zao! Kila kitu kwao ni mtu.

"Na wewe hauogopi ngoma?" Marcella aliuliza.

"Mimi? Kwangu nyumbani ngoma hazikosi. Hata mtoto wangu anazipenda."

Yule mama akafanya ishara ya msalaba, polepole, na macho yake hayakumwacha Swaib.

Fundi akaanza kazi. Alichomoa waya ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia ili chaji yoyote iliyobaki iishe. Akafungua bati la ubavuni. Vumbi. Utando wa buibui. Kwenye madabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, kapasita kadhaa, vile vikopo vya kutunzia chaji, zilikuwa zimevimba vichwa na kuvuja. Akaipima pawa saplai, sanduku la kuingizia umeme, kwa mita. Imekufa, wala si leo. Kwa mashine ya namna hii hakuna cha kujiwasha, na Swaib alikuwa karibu kumwambia hivyo mwenye nyumba.

Feni ikazunguka.

Aliangalia waya. Ulikuwa sakafuni, mbali na ukuta. Feni ikaongeza mwendo taratibu... fuu... fuu... kama mtu anayepuliza mikono yake kukiwa na baridi. Swaib aligusa bati. Lilikuwa na joto, lile joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Harufu ilimjia puani. Haikuwa ya waya kuungua. Ilikuwa harufu ya jasho la watu waliobanana chumba kimoja usiku kucha, na ndani ya chumba hicho alikuwa peke yake.

Ni chaji, alijiambia. Chaji tu. Lakini bisibisi ilimponyoka mara mbili.

"Mama, ubao huu umekufa," alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Nitatoa diski yake ya kuhifadhia. Ngoma zote ziko humo."

"Unaweza wabeba?"

"Naweza."

"Wote? Uwapeleke kwako?"

"Nitazibeba zote, mama, nizipeleke kwangu."

"Umesema na mdomo yako?"

"Nimesema."

Feni ikasimama.

Marcella aliketi chini pale pale kizingitini na kulia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Swaib alifikiri ni majonzi ya mumewe. Akampa pole, akatia diski ndani ya mkoba, akaondoka.

Njiani pikipiki ilikuwa nzito. Kwenye kilima kidogo tu injini ililia, na gurudumu la nyuma lilibonyea kama lililopakizwa mchanga. Alishuka kulikagua. Upepo ulikuwa wa kutosha. Mkoba mgongoni ulizidi kuwa baridi, baridi iliyopenya koti na kuufikia uti wa mgongo. Hakusimama tena mpaka mjini.

Nyumbani Amira alikuwa jikoni, naye Rukaya alikuwa amekwisha kupanda kitandani akimngoja. Swaib hakuingia kwanza kumsalimu; ile baridi ya mkoba ilimtia wasiwasi. Aliuacha mkoba mlangoni pa chumba cha mtoto, akaitoa ile diski na kuiunganisha na kompyuta yake mwenyewe sebuleni. Ilikuwa tupu. Hakuna hata wimbo mmoja. Akampigia Marcella.

"Mama, hakuna ngoma humu."

"Wako. Huku kwangu kumenyamaza."

"Wako akina nani?"

Yule mama akauliza kwa upole, "Kwani nyinyi mnaitanga aje? Watu wetu walikufa kitambo... Mizimu. Sisi tunaita ngoma."

Swaib aliichomoa diski kwenye kompyuta yake.

"Mzee alikuwa anawamwagia pombe huko nje, jioni," Marcella aliendelea. "Akaokoka, akawacha. Wakakuja ndani. Hiyo kitu yake ndio ilikuwa na joto. Ikishindwa kuwatosha, wakashika yeye. Alikufa akitetemeka, kijana wangu, na ilikuwa Januari, jua ya kuchoma mawe."

"Nitawarudisha kesho asubuhi."

"Hawarudi. Wanakaa na mwenye amekubali. Wakitaka kuhama, wanauliza mwingine kwanza. Akikataa, wanabaki na wewe."

"Na akikubali?"

"Wanakuwa wake."

Basi ni wangu, Swaib aliwaza, akitokwa na jasho jembamba. Niliwakubali mwenyewe kwa ujinga wangu. Wakae na mimi, wanimalize mimi. Aliogopa sana, lakini katika hofu hiyo mlikuwa na faraja, maana aliyefungwa alikuwa yeye. Ilimradi mwingine yeyote asikubali.

Ndipo akasikia Rukaya akiongea chumbani.

Alikimbia. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, anatazama pembeni mwa kabati.

"Unaongea na nani, mama?" alimnong'oneza.

"Na wageni wako, baba. Wanasikia baridi. Wameniuliza kama wanaweza kukaa na mimi."

"Ukawajibu nini?"

Rukaya alimshangaa. "Si mgeni hafukuzwi? Nimewaambia karibuni."

Swaib akapiga magoti. Akaikamata mikono ya mwanawe, akageukia kabati.

"Rudini kwangu," aliwaomba. "Nawakubali. Wote. Nasema kwa mdomo wangu."

Mikono midogo iliendelea kupoa ndani ya viganja vyake.

Rukaya aliitoa taratibu. Akasogea kidogo kitandani. Kisha akasogea tena... na tena... mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, akainua blanketi ili nao wapate kujifunika.