Futi Sita Zilizopungua

Kila Jumamosi asubuhi, Addie Burkett alivaa makoti mawili na kwenda kwenye darasa la Bi Haskell, katika mji wa Columbus, Indiana. Hapo watoto kumi na wawili walijifunza habari za majengo na sanamu za mji wao kwa kuunda modeli za kadibodi. "Mkilijenga jengo kwa mikono yenu," Bi Haskell alipenda kusema, "hamtapita tena mbele yake kama vipofu."

Msimu huo walipewa kazi ya kweli. Kamati ya mji ilitaka kuweka sanamu ya chuma chekundu, yenye umbo la tao, katika bustani ndogo kati ya ukuta wa maktaba na mti mkubwa. Kamati ingeamua kwa kutazama modeli ya watoto. Addie alitumwa kupima nafasi ile. Rohan Pillai, rafiki yake, angekata na kugundisha kadibodi za bustani, maktaba na kanisa lililo ng'ambo.

Siku ya kupima, theluji ilianguka na vidole vya Addie vikafa ganzi. Hakuitoa futikamba mfukoni. Alikadiria kwa macho, akaandika: futi ishirini.

Wiki tatu Rohan alikata kadibodi. Alhamisi, siku ya mkutano, Addie alipita bustanini akitoka shule. Moyo ulimsuta, akapima. Futi kumi na nne! Alipima tena. Kumi na nne.

Alipofika ukumbini, wajumbe walikuwa wameshaizunguka modeli. Mmoja wao, Mzee Dutton, alisogeza kiti chake cha magurudumu, akatabasamu.

"Hapa kati ya tao na ukuta nitapita bila kumwomba mtu anisukume. Safi sana, vijana!"

Tao lilikuwa na upana wa futi kumi na mbili. Kwa kipimo cha kweli zingebaki futi mbili tu.

"Rohan," alinong'ona, "sikupima."

"Hukupima nini?"

"Bustani. Nilikadiria. Ni kumi na nne."

Rohan alimkodolea macho. "Unanitania. Wiki tatu, Addie! Nimejikata vidole kwa ajili ya namba ya kubuni?"

"Nisamehe."

"Basi nyamaza. Nani atajua?"

Mwenyekiti, Bi Overmyer, aligonga meza. "Wanaokubali, wanyooshe mikono."

Mkono wa kwanza ulipanda, kisha wa pili. Mzee Dutton naye akaanza kuinua wake.

"Subirini!" Addie alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Modeli ina kosa, na kosa ni langu. Nafasi ni futi kumi na nne. Mzee Dutton hataweza kupita."

Mikono ikashuka. Bi Haskell akamtazama. Mashavu ya Addie yaliwaka moto.

Bi Overmyer aliangalia saa. "Ninawapa nusu saa. Leteni vipimo vya kweli, la sivyo tutaliahirisha jambo hili hadi mwakani."

Addie, Rohan na Bi Haskell walikimbilia bustanini. Rohan alishika ncha moja ya futikamba bila kumtazama Addie. Waliporudi, alikata kipande cha bustani ya kadibodi na kusogeza ukuta wake. Tao likaziba karibu njia yote.

"Si nilikwambia unyamaze?" Rohan alisema kwa uchungu.

Addie alilishika tao, akaligeuza ubavu. Unene wake ulikuwa futi saba tu, njia ikafunguka futi saba nyingine.

"Ngoja kwanza!" Rohan aliinama. "Tazama toka mlango wa maktaba. Mnara wa kanisa unaonekana katikati ya tao!"

Wajumbe waliinama mmoja mmoja. Mzee Dutton alitumia penseli kama kiti chake, akaipitisha njiani mara mbili. Kisha mikono yote saba ilipanda.

Nje, Rohan alimpiga Addie kikumbo. "Ukikadiria tena, utakata kadibodi mwenyewe."

"Haki yako."

Bi Haskell aliwafikia. "Addie, Jumamosi utakuja kusafisha meza zote za darasa, kwa sababu uliandika usichokipima. Lakini sikia. Sanamu ni mali ya kila mtu anayepita, hata usiyemjua. Ukidanganya kwenye karatasi, kuna mtu atakwama barabarani. Kosa ulilisema kabla chuma hakijasimama, na hilo lilitaka moyo. Siku nyingine, utumie moyo huohuo kuitoa futikamba mfukoni, hata kukiwa na theluji."