Kanda ya Valdosta

Mikono miwili ilishika santuri moja, na hakuna aliyekubali kuachia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi mjini Macon, katika ukumbi ambako kila masika wauza santuri kuukuu hupanga makasha yao, na watu wazima na akili zao hupigana vikumbo kana kwamba vitu vinagawiwa bure. Mkono mmoja ulikuwa na pete ya feruzi na kucha nyekundu. Huo ulikuwa wa Twyla Mabry, mjane wa miaka arobaini na tisa, aliyevaa gauni la njano na buti za ngozi zilizochongoka mbele. Mkono wa pili ulikuwa wa Harlan Tidwell, fundi viyoyozi, mwenye shati la jinzi ambalo bila shaka alilipiga pasi mwenyewe, maana lilikuwa na mikunjo mipya juu ya ile ya zamani.

"Bwana, nimeanza mimi," Twyla alisema.

"Bibie, wewe umeanza kuiangalia. Mimi nimeanza kuishika."

"Haya, kama kweli unaijua. Wimbo wa mwisho upande wa pili, gitaa la juu anapiga nani? Royce au Tully?"

"Tully. Na mtu asikudanganye."

Twyla akaachia santuri, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Jamani! Mtu wa Tully, na amenyoa ndevu. Sikujua kama mpo."

Mnisamehe, nimewahi mbele. Santuri ile ilikuwa ya Red Clay Deacons, Mashemasi wa Udongo Mwekundu, na sisi huku tunawaita Mashemasi tu. Royce na Tully Goodloe walikuwa binamu, wapiga magitaa wawili waliopiga pamoja mpaka ukadhani ni mtu mmoja mwenye mikono minne. Mwaka 1978 walikosana, Tully akaliacha gitaa lake mlangoni kwa Royce, akaondoka. Hawakupiga pamoja tena hadi Tully alipokufa. Tangu hapo mashabiki tumegawanyika, watu wa Royce huku na watu wa Tully kule, na nawajua ndugu wa tumbo moja wasiokaa meza moja sikukuu kwa sababu hiyo.

Harlan alinunua santuri, akampa Twyla. Twyla akaikataa, kisha akaichukua, kisha akasema kwa kuwa ameichukua basi lazima amnunulie chakula cha mchana. Wakaenda mgahawa wa jirani wakala kuku wa kukaanga, mboga za majani na mkate wa mahindi, wakanywa chai baridi yenye sukari ya kuumiza meno. Walibishana hadi wahudumu wakaanza kufagia chini ya miguu yao.

Baada ya hapo simu hazikukauka.

"Umekula?"

"Nimekula, Twyla. Wewe ni mama yangu?"

"Mama yako angekufundisha kupiga pasi. Umekula nini?"

"Soseji."

"Na nini?"

"Na soseji nyingine."

Twyla alicheka mpaka akakohoa. Jumatano iliyofuata alimpelekea pai ya pichi mpaka kazini, akamkuta juu ya paa la benki kiyoyozi kimefunguliwa matumbo nje, akampigia kelele toka chini: "Shuka, mpenzi, pai inapoa!" Mafundi wenzake walimwita Mpenzi mwezi mzima. Harlan alijifanya kuudhika. Mkewe alikuwa amemwacha miaka kumi iliyopita, na nyumba yake ilikuwa imezoea kimya. Sasa alianza kuimba bafuni.

Kilichoharibu mambo ni picha.

Jumapili moja baada ya kanisa Twyla alimkaribisha nyumbani kwake. Juu ya piano ilikuwepo picha ya kijana mwembamba, maikrofoni mbili zimefungwa kwenye mpini wa ufagio aliouinua.

"Huyo ni kaka yangu, Dewey," Twyla alisema akimwaga chai. "Dewey Strickland. Najua unalijua jina. Kila shabiki analijua."

Harlan aliweka kikombe chini.

Nani asiyelijua? Siku zile, kabla ya mambo haya ya mtandao, palikuwa na watu waliokwenda kwenye maonyesho na mashine zao, wakanasa muziki, wakatumiana kanda kwa posta hata kama hawajawahi kuonana. Walikuwa na sheria. Kanda haiuzwi. Kanda haikatwi. Kilichonaswa kabla ya onyesho, wakati bendi inajaribu vyombo, hakitoki nyumbani kwa aliyekinasa. Na mwanzo wa kila kanda, mnasaji hutaja jina lake, mji na tarehe kwa sauti yake mwenyewe.

Kanda ya Valdosta ilianza na sauti ya Dewey Strickland. Baada yake ilisikika sauti ya Royce, hasira imempanda, akimwambia mpiga ngoma kwamba mkono wa Tully unatetemeka kwa pombe, kwamba miaka miwili sasa yeye Royce hurudi studio peke yake kupiga upya sehemu za Tully, na Tully hajui. Kanda ikanakiliwa, ikanakiliwa tena. Miezi mitatu baadaye, shabiki mmoja mpumbavu aliifungulia kwenye redio ya gari mbele ya Tully mwenyewe, kwenye maegesho, ili amwulize kama ni kweli.

"Walimfukuza Dewey kwenye kundi la wanasaji," Twyla alisema. "Walimrudishia kanda zake zikiwa zimevunjwavunjwa, kwenye mifuko. Aliapa kwamba hakumpa mtu ugomvi ule. Nani angemwamini, na sauti ni yake? Alikufa mwaka elfu mbili na moja, Harlan, na mpaka leo kila Siku ya Mashemasi, mashabiki wakikusanyika, mzee Buford Cato anasimama na mzaha wake: Dewey Strickland, aliyeua bendi kwa kidole kimoja. Watu wanacheka. Mimi nakwenda kila mwaka. Nakaa. Nangoja labda mwaka huu atatokea mtu aseme ni yeye."

"Kwa nini usiache kwenda?" Sauti ya Harlan ilitoka kama ya mgonjwa.

"Nikiacha, nani atakuwepo akisema?"

Harlan alisema kichwa kinamwuma, akaondoka bila kumaliza chai.

Kuanzia siku hiyo simu yake ikawa inaita tu. Akipokea, yuko kazini. Akiwa si kazini, anaumwa. Alilala macho wazi na kula akawa hali hata soseji. Mara kumi alishika simu amwambie, na mara kumi aliiweka, maana alijua neno lile likitoka, sauti ile inayomwuliza kama amekula haitasikika tena. Woga wa kumpoteza ulimfanya ampoteze taratibu, na alijiona akifanya hivyo.

"Ni mwanamke?" Twyla aliuliza kwenye simu, wiki ya tatu.

"Hapana."

"Harlan, mimi si mtoto. Kama ni mwanamke sema, nikae chini nilie, niinuke nioshe nywele, maisha yaendelee. Usinifanye nikae dirishani kama paka."

"Twyla, si mwanamke. Wallahi si..." Mnisamehe tena, hakuapa hivyo, ila kiapo alichoapa cha Kibaptisti kilikuwa na uzito huo huo.

"Basi nini?"

"Siwezi kusema kwa simu."

"Nakuja," Twyla alisema.

Alifika baada ya robo saa, gauni la bluu la kanisani bado mwilini, wanja umeanza kutiririka. Harlan alikuwa jikoni. Mezani mbele yake palikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo barua moja ya mwaka 1978. Aliitoa barua. Alimsogezea.

Twyla aliutambua mwandiko kabla ya kusoma. *Bwana Tidwell, hii ndiyo Valdosta uliyoiomba. Sijawahi kuitoa kwa mtu, lakini barua zako zinaonyesha wewe ni mtu wa kuaminika. Anza kunakili mashine ikifika namba 412. Kabla ya hapo ni ugomvi wa familia, na familia si yetu. Irudishe salama. Dewey.*

Mashine zile zilikuwa na kidirisha chenye namba zilizohesabu kanda ikizunguka. Mtu akikuambia anza 412, unapeleka mbele mpaka 412, basi. Hata mtoto angeweza.

Twyla aliisoma mara tatu. Akaketi. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomchoma Harlan.

"Ulisahau," alisema. "Ulikuwa na miaka ishirini. Uliweka kanda, ukatoka kwenda kazini, mashine ikanakili yote, rafiki yako akapita akaichukua. Ndivyo, sivyo? Sema ndivyo, Harlan. Sema ulisahau namba."

Mlango huo ulikuwa wazi kabisa. Kwa miaka thelathini Harlan mwenyewe alikuwa akijisimulia hivyo hivyo, na karibu aamini.

"Sikusahau," alisema. "Nilikuwa nimekaa mbele ya mashine. Nilisikia kila neno. Kulikuwa na jamaa mmoja, Gary, ana kanda mia mbili, mimi ninazo tisa, ananidharau. Nilitaka awe na kitu alichokipata kwangu. Nikajiambia kanda haikatwi, ndiyo sheria, naifuata sheria. Nikaanza sifuri."

"Na walipomshika Dewey?"

"Nilinyamaza."

"Hata barua hukumwandikia?"

"Niliandika. Sikutuma."

Twyla alikuwa akiitazama barua.

"Anasema hajawahi kumpa mtu mwingine. Basi alijua," alisema polepole. "Alikujua jina na anwani miaka yote ile. Nilimwuliza akiwa hospitali, Harlan. Nilimwambia nitajie nikamvunje miguu. Akasema, mwache, atakuwa anajisikia vibaya."

Hapo Harlan aliinamisha kichwa juu ya meza, akalia kilio cha mtu asiyejua kulia, mabega yakipanda na kushuka bila mpango. Twyla hakumgusa. Aliikunja barua, akaitia mkobani.

"Hii ni yetu," alisema, akatoka. Buti zake zilisikika mpaka kwenye gari.

Kiangazi kikaisha hivyo. Harlan alipiga simu mara moja kila Jumapili, ikaita, ikakata. Hakuacha ujumbe, maana ujumbe gani? Santuri za Mashemasi alizifungia kabatini. Mtu wa Tully! Alikuwa akimtetea Tully kwenye mabishano yote mjini, na sasa kila alipoukumbuka ubishi wake alijionea kinyaa.

Jumatano moja ya mwishoni mwa Septemba simu ikaita.

"Mashine yako ya kunasia, bado inafanya kazi?" Alikuwa Twyla, bila salamu, bila neno mpenzi.

"Inafanya."

"Inunulie betri. Jumamosi njoo nayo Siku ya Mashemasi."

Akakata.

Siku ya Mashemasi hufanyika chini ya banda la bustani kando ya mto, mchana kweupe, kila mtu na kiti chake cha kukunja na bakuli lake la chakula. Mashabiki tuliokuwa na nywele ndefu sasa tuna vipara, lakini fulana ni zile zile na matumbo yanazitanua. Tunakula, kisha kila mtu anasimama kwa zamu kusema anachokumbuka. Mwanamke mmoja alikumbuka jinsi Royce alivyokuwa akimpa Tully mgongo jukwaani mwaka ule wa mwisho. Mwingine akasema si kweli, Royce aligeuka watu wasione Tully anavyokosea, huo ulikuwa upendo. Wakarushiana maneno kidogo, kama kawaida. Kisha Buford Cato, mzee wa watu wa Royce, akasimama na sahani yake mkononi.

"Na tusimsahau Dewey Strickland," alisema, "aliyeua bendi kwa kidole..."

Watu walikuwa wameshaanza kucheka kabla hajamaliza. Twyla alikuwa safu ya pili, na gauni lake la njano. Hakugeuka.

Harlan alisimama. Aliibeba mashine yake mpaka meza ya mbele, akaiweka kati ya bakuli za pai, akabonyeza. Kitaa chekundu kikawaka. Watu wakadhani ananasa kumbukumbu, wakatulia kwa adabu, maana wanajua mnasaji huanza kwa kujitaja.

"Harlan Tidwell," alisema. "Macon, Georgia. Tarehe ishirini na sita Septemba, elfu mbili na tisa." Akamtazama Buford. "Kanda ya Valdosta ilitoka kwangu. Dewey Strickland aliniazima kwa posta, akaniambia nianze mia nne kumi na mbili. Mimi nilianza sifuri. Nilijua ninachokifanya. Yeye hakufanya kosa lolote isipokuwa kuniamini."

Sahani ya Buford ilibaki hewani. Kisha kelele zikalipuka. Mtu mmoja alimwita nyoka. Mwingine alisema Tully angekuwa hai. Harlan alisimama akazipokea zote, na aliposhindwa, mkono wake ukaenda kwenye mashine uizime.

Mkono mwingine ukaushika. Ulikuwa na pete ya feruzi.

"Usikate," Twyla alisema.

"Twyla, wamesikia."

"Nusu ya hawa ni viziwi, mpenzi." Macho yake yalikuwa yamejaa na hakuyafuta. "Taja jina lake tena. Polepole."

Harlan akainama kwenye maikrofoni, mkono wake bado umeshikwa, akaanza upya.