Kasha la Pete Nne

Nyuma ya duka la dobi, kwenye mvuke na mashuka ya watu, Nyundo alitandaza ramani ya jumba la makumbusho juu ya meza ya pasi.

"Sindano. Milango?"

"Niachie mimi." Sindano hakubandua macho kwenye kompyuta. "Walinzi wakienda kula, nafungua. Kamera zitaonyesha picha za jana."

"Na kasha?"

"Pete nne za kuzungusha, wanyama wanne. Hawapangwi kwa nguvu, ila kwa saa ya kuamka. Njiwa, swala, nyoka, chui."

Dereva, mwenzao wa tatu, akacheka. "Kasha limegoma tangu enzi za malkia, wewe limekunong'oneza lini, dada?"

"Nimesoma."

Uongo mtupu. Fumbo hilo alilifumbua mjomba wake, fundi wa vitu vya kale mle makumbushoni, mtu aliyemlea tangu hajaota meno. Alimwambia yeye peke yake, kwa furaha, siku alipompa simu yake amtengenezee. Humo humo kwenye simu, Sindano akaiba nywila ya milango.

"Damu isimwagike," Sindano alisema.

"Tunafuata muhuri wa dhahabu," Nyundo alijibu. "Hatuendi kuchinja."

Saa saba mchana. Milango iliwapisha kama wageni wa heshima. Sindano akapiga magoti. Njiwa. Swala. Nyoka. Chui. Kasha likaachia. Nyundo akautia muhuri mfukoni.

"Nani hapo?"

Mjomba alisimama mlangoni, simu ikimlilia mkononi. Sindano akaitambua sauti ile. Mlio ule aliuweka yeye mwenyewe, zamani, kama zawadi: kasha likiguswa, mzee ajue. Kengele zote alizizima. Zawadi yake akaisahau.

"Mwanangu! Kimbia, kuna wezi!" Mzee akajitupa mbele yake, mikono wazi, kumkinga.

Nyundo akainua mtaimbo. "Unamjua huyu?"

"Simjui," Sindano alisema.

Mzee aligeuka. Hakukasirika. Aliinamisha macho kwa haya, kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa.

Mtaimbo ukashuka. Mara moja tu.

"Tuondoke," Nyundo alisema, akihema.

Sindano akabonyeza kitufe cha kompyuta yake. Mlango ukajifunga, na wa pili, na wa nje. Kengele zikaamka. Huko barabarani gari lilinguruma, likatokomea; uaminifu wa Dereva ulikuwa na breki mbovu.

"Fungua, mshenzi!"

"Niue. Halafu umtafute wa kukufungulia."

"Si ulisema humjui?"

"Nilisema."

Mtaimbo ukabaki hewani, kisha ukaanguka sakafuni. Sindano akakaa chini, akakipakata kichwa cha mzee. Simu iliendelea kulia. Hakuizima.

Polisi walipovunja mlango, wa kwanza aliinama karibu yake.

"Huyu mzee ni nani wako?"

Jibu lilikuwa pale pale, mdomoni. Alilijua tangu alipojifunza kusema. Aliona haya kulitamka.