Waliojenga Banda la Baiskeli

"Mtoto hajaandika uongo, Clifford! Shule yenu ilikuwa bondeni na ikafungwa. Ulitaka aandike nini, kwamba ilipaa mbinguni?"

"Haikufungwa. Iliunganishwa na yenu. Duka ndilo linalofungwa, Doreen."

Ilikuwa Alhamisi, siku ya kutoa mapipa ya taka, na siku hiyo katika mji wa Hathersley hakuna anayepitwa na habari. Mtaa mzima ulikuwa milangoni na ndala miguuni, pipa mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili. Bi Doreen Pickup alisimama upande huu wa ukuta mfupi, Bwana Clifford Holroyd upande ule. Wote wawili walikuwa na miaka themanini na moja, na walianza darasa la kwanza siku moja. Leo waligombania ukurasa mmoja wa jarida la shule.

Aliyeuandika ukurasa huo, Edie Clegg wa miaka kumi na miwili, alikuwa akipita zake na mkoba begani. Alijaribu kunyata.

"Edie! Njoo hapa, binti," Bwana Holroyd aliita. Alilishika jarida mbali na macho, akasoma kwa sauti: "'Bwana Holroyd anakumbuka kwamba wanafunzi wa bondeni hawakupenda masomo, ndiyo maana shule yao ikafungwa.' Nakumbuka! Uliniuliza lini?"

Masikio ya Edie yalipata moto. Shule yao ilikuwa ikitimiza miaka hamsini tangu shule ya mlimani na ya bondeni zifanywe moja. Mwalimu Qureshi alimtuma amhoji mzee mmoja wa kila upande. Kwa Bi Pickup alikaa alasiri mbili, maana biskuti hazikwisha. Kwa Bwana Holroyd aliogopa. Mzee yule hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku yenyewe mvua ilinyesha. Basi Edie alirudi nyumbani akaandika yale ambayo kila mtu mjini huyasema juu ya watu wa bondeni.

"Nilibisha hodi," alisema. "Hukuwepo."

"Mimi? Na goti hili? Tangu Krismasi halijanifikisha hata kwa mwuza samaki!"

Majirani walicheka. Bwana Holroyd hakucheka. Alilikunja jarida taratibu. "Jumamosi maneno haya yatatundikwa kwenye bango langoni mwa shule, mji mzima uyasome. Mimi siji." Akaingia ndani, pipa akaliacha katikati ya njia.

Bi Pickup alimgeukia Edie. "Ulikwenda au hukwenda?"

"Sikwenda, Bi Pickup."

"Lo! Na mimi nimekutetea mbele ya mtaa mzima!"

Siku ile masomo hayakumwingia Edie. Jioni, kabla hajala, alibisha mlango wa Bwana Holroyd. Ulifunguka nusu.

"Umekuja kuniambia kitu kingine ninachokumbuka?"

"Nilitunga, Bwana Holroyd. Nilikuogopa. Nimekuja kukuuliza, kama bado utanijibu."

Mzee aliketi kizingitini na kunyoosha goti lake.

"Tulifanya mtihani mmoja tukiwa na miaka kumi na mmoja," alianza. "Matokeo yalikuja kwa posta. Aliyefaulu alikwenda shule ya mlimani, na wazazi wake wakamnunulia baiskeli. Ndiyo ilikuwa desturi. Doreen alipata ya kijani. Aliipiga kengele mtaa mzima mpaka mama yangu akafunga dirisha."

"Na wewe?"

"Nilikwenda bondeni kwa miguu. Nilipenda hesabu, ukitaka kujua. Lakini sisi tulifundishwa kujenga. Nilipofika miaka kumi na minne, wakatuchukua vijana tisa tukawajengee wale wa mlimani banda la baiskeli."

Edie alishtuka. "Lile la nyuma ya maktaba? Baiskeli yangu nailaza mle kila siku!"

"Kona ya kushoto, tofali la tatu kutoka chini. Kaangalie."

Ijumaa asubuhi Edie alipiga magoti nyuma ya maktaba, akafuta kuvu kwa kidole. Herufi zilikuwepo: C.H. 1958. Na kando yake majina mengine manane. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Qureshi akaeleza yote, hata kile kisingizio cha hodi.

Mwalimu alivua miwani. "Mtu yuko hai, jirani yako kabisa, nawe ukaamua kukumbuka kwa niaba yake. Huo ni uongo, Edie, hata kama mji mzima unausema. Bango linakwenda kuchapishwa saa nane. Utaliandika upya, na jina lako halitakuwepo."

Lilimuuma. Shangazi zake wawili walikuwa wanakuja Jumamosi kuliona jina hilo. Lakini hakubisha. Wenzake walikwenda kula, yeye akabaki anaandika.

Jumamosi watu walijaa langoni. Bango lilisimulia shule mbili zilizofanywa moja, na chini kabisa yalisomeka majina tisa ya vijana wa bondeni waliojenga banda. Bi Pickup alilisoma mara mbili. Alikwenda nyuma ya maktaba peke yake, akarudi na vumbi jekundu kwenye glavu, kisha akamshika Edie mkono wakarudi mtaani kwao.

Bwana Holroyd alikuwa mlangoni kwake, anajifanya kufagia.

"Clifford! Miaka minne niliilaza baiskeli yangu mle ndani, na haikulowa hata siku moja. Kwa nini hukusema?"

"Hukuuliza."

"Kweli," Bi Pickup alisema. "Sikuuliza. Mimi na mtoto huyu kosa letu ni moja." Akamgeukia Edie. "Umesikia? Mwenye habari zake muulize mwenyewe, hata ukimwogopa. Mimi nimechelewa miaka sitini na saba. Wewe umechelewa wiki moja tu."

Kisha akavuka kwake, upande wa pili wa ukuta mfupi, akausukuma mlango, na harufu ya pai ya nyama na viazi ikatoka mpaka njiani.

"Acha huo ufagio, Clifford, hapo pamefagiliwa tangu asubuhi. Hujaketi mezani kwangu hata mara moja. Njoo ule, na ukila unieleze hao vijana wanane walikuwa akina nani. Edie, nenda kachukue sahani ya tatu."