Kidonge cha Alfajiri

Jumamosi ile ya Februari duka letu la ushirika lilikuwa limefurika. Nje theluji ilifika magotini, na watu wa mji wetu wa Madison wakisikia nyingine inakuja hununua utadhani vita vimetangazwa. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya malipo, foleni imefika kwenye mikate. Ndipo akaingia dada mmoja mrefu, koti la rangi ya chungwa la wafanyakazi wa jiji, buti zinadondosha maji, nywele za rangi ya majani makavu zimechungulia chini ya kofia ya sufu. Huyo ndiye Solveig Tollefson, dereva wa greda la kusukuma theluji. Mkononi ana kahawa ya maziwa, kikapuni chupa nne za vidonge.

Rafu ya vitamini ilikuwa ya Lamont Pettway. Miaka sita yuko pale na aproni yake ya kijani, ndevu zimechongwa, shati limepigwa pasi hata siku ya kushusha mizigo. Katika msongamano ule Solveig akamgonga na kikapu, chupa mbili zikaanguka. Lamont akaziokota, akazisoma, akakitazama kile kikombe cha kahawa, akatikisa kichwa.

"Dada, hawa wawili usiwalaze chumba kimoja," akasema. "Chuma na kalsiamu wakiingia pamoja wanagombania mlango. Anayebaki nje ni chuma."

"Kwani wewe daktari?"

"Muuza vidonge tu. Daktari angekwambia hayo hayo kama angekuwa na nafasi."

"Na kahawa yangu imekukosea nini?"

"Hiyo ndiyo inayofunga mlango na komeo."

Solveig akacheka, akaegemea rafu, na watu waliotaka kupita wakazunguka upande wa pili. Lamont akampangia siku yake nzima nyuma ya risiti ya mtu. Chuma alfajiri, tumbo tupu, pamoja na juisi ya machungwa, maana juisi humfungulia njia. Kahawa baada ya masaa mawili. Kalsiamu mchana na chakula. Vitamini D jioni na mlo wenye mafuta, magnesiamu akienda kulala. Solveig akasoma, akamrudishia ile karatasi aandike na namba ya simu, eti asije akasahau mpangilio. Nilimwona Lamont anaandika namba yake mara mbili, ya kwanza ameikosea.

Sasa nikwambie kwa nini vidonge vile havikuwa mchezo. Solveig alikuwa na miaka thelathini na sita na uvimbe kwenye kizazi, ule unaomwaga damu kila mwezi mpaka mtu anapanda ngazi kwa kupumzika. Alitaka mtoto, alimtaka kwa moyo wote. Daktari alikubali kuutoa uvimbe na kuacha kizazi, tarehe tisa Juni, kwa sharti moja: damu ifike kumi na moja. Yake ilikuwa tisa nukta moja. Chuma cha dripu aliwahi kupewa, akavimba uso mpaka akakimbizwa chumba cha dharura, kwa hiyo kilichobaki ni vidonge. Juni ikipita, nafasi nyingine ni mwisho wa mwaka, na uvimbe haungoji mtu.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Madereva wa greda huamka wakati sisi wengine tumekumbatia mito, na Lamont akaanza kutega saa yake ili ampigie kila saa kumi alfajiri.

"Umemeza, mpenzi?"

"Nimemeza, bwana afya. Rudi ulale."

"Na juisi?"

"Ninayo hapa, nakwenda kuinywa kwenye greda. Unanipenda mimi au unaipenda damu yangu?"

"Vyote. Damu kidogo zaidi."

Jumapili walikuwa wanakwenda kula samaki wa kukaanga kando ya Ziwa Monona. Solveig akija na gauni lake la bluu la mikono mirefu, Lamont anasahau menyu imeandikwa nini. Machi yote alikuwa anaimba rafuni, sisi tunamcheka. Ile karatasi ya risiti Solveig aliibandika kwenye friji, na kila kidonge alichomeza alikiwekea alama kwa kalamu nyekundu. Hakukosa hata siku moja, hilo nakuapia.

Katikati ya Aprili akaenda kupima. Damu: tisa kamili. Ilikuwa imeshuka.

Solveig alimwita Lamont nyumbani kwake, akampa majibu mkononi, wakakaa jikoni. Lamont aliisoma ile karatasi mara tatu. Tatizo la Lamont ni mama yake. Marehemu alikuwa na presha, na kila jioni alimwambia mwanawe kwa simu kwamba ameshameza. Siku ya msiba walikuta chupa saba zimejaa chini ya mto wa kochi. Basi jambo likamtoka mdomoni kabla hajalipima.

"Solveig, niambie ukweli. Unameza kweli?"

Akaonyesha friji, zile alama nyekundu. Lamont akasema alama mtu yeyote anaweza kuweka.

Solveig hakupiga kelele, kwao hawapigi kelele. Alivaa koti lake ndani ya nyumba yake mwenyewe, akafungua mlango, akasimama pembeni.

"Miezi miwili unanisikia kila alfajiri," akasema. "Nenda nyumbani, Lamont."

Akaenda. Saa kumi ya kesho yake akapiga, haikupokelewa. Akapiga siku kumi. Dukani alianza kupanga chupa kwa rangi, kitu ambacho hakikuwa na maana yoyote, na wateja wakimuuliza habari ya chuma anawaelekeza wasome kibandiko. Nikamwambia wakati wa mapumziko kwamba ninavyomjua yule dada, uongo hauwezi, hata umri wake anausema. Akanijibu anajua. Akasema alijua toka siku ile yuko kwenye ngazi anashuka, sema miguu ilikuwa na aibu ya kurudi.

Jumapili ya Pasaka, bila kumwambia mtu, akavaa suti yake ya kijivu na tai, akaendesha masaa mawili kwenda Westby, kwenye shamba la ng'ombe la wazazi wa Solveig. Alijua sikukuu lazima awe huko. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na hakuwa na ushahidi wowote wa kulisindikiza.

Mlango ulifunguliwa na mama mtu, Bi Arlys, aproni ya maua, unga mikononi. Akamtazama juu mpaka chini, akasema wewe ndiye yule wa vidonge. Solveig yuko bandani na baba yake, ng'ombe anazaa, angoje. Lamont akakaa kwenye kiti cha jikoni akishika paji la uso, kichwa kinamgonga kwa uchovu wa njia na kwa hofu. Bi Arlys hakumuuliza mengi. Alifungua kabati, akamletea vidonge viwili vya maumivu na glasi ndefu ya maziwa, imejaa mpaka ukingoni.

Lamont akaomba maji, akaeleza kwamba maziwa na tumbo lake havielewani toka utotoni, hata kwake hayaingii.

"Dawa haimezwi na maji, mwanangu," Bi Arlys akasema. "Inaunguza tumbo. Hapa kwetu kila kidonge kinashuka na maziwa."

Lamont akaishika ile glasi, akairudisha mezani.

"Mama, na Solveig?"

"Nimemfundisha ana miaka minne. Hata huko mjini hawezi kumeza bila maziwa yake. Umeona nini, mbona umekaa hivyo?"

Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alimwandikia tumbo tupu, na kwa mtoto wa Westby tumbo lenye maziwa ni tumbo tupu, maziwa si chakula, ni kama mate. Alimuuliza juisi kila alfajiri. Kidonge chenyewe kimeshuka na nini, hakuuliza hata siku moja, maana yeye maziwa hayamo kichwani mwake kabisa. Glasi nzima ya kalsiamu, siku sitini, na juisi inakuja nyuma kukuta mlango umeshafungwa.

Akatoka mbio kuelekea bandani. Mlangoni akasimama. Solveig alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, mikono ya sweta imekunjwa, anamfuta ndama kwa gunia. Amekonda, uso mweupe. Lamont akaona akianza na habari ya maziwa, atakuwa amekuja na ushahidi badala ya samahani.

"Ulikuwa unameza," akasema. "Nilikuita mwongo na nilikosea. Nisamehe."

Solveig hakuinua uso. "Nani amekwambia nilikuwa nameza?"

"Hakuna. Nimetoka nalo nyumbani."

Mikono ikasimama juu ya ndama. Akaitazama ile suti, na vile viatu vilivyokwisha kuzama kwenye samadi, akaweka gunia chini.

"Mama yako alikufa, Lamont. Mimi niko hapa. Usinichanganye naye tena."

"Sitakuchanganya."

Solveig akampa mkono wenye uchafu wa ng'ombe, Lamont akaushika hivyo hivyo. Ndipo Lamont akamweleza habari ya maziwa. Solveig alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Mzee Tollefson, aliyekuwa kimya nyuma ya ng'ombe muda wote, akasema amekamua miaka hamsini na leo anaambiwa maziwa yana hatia. Lamont akamjibu kwa heshima kwamba maziwa hayana hatia, yangoje masaa mawili tu. Mzee akasema hata kanisani huwa anangoja zaidi ya hapo.

Kuanzia Jumatatu chuma kikashuka na maji na juisi. Simu za alfajiri zikarudi, ila zikageuka: Lamont hakuuliza tena. Solveig ndiye aliyepiga, anasema nimemeza, na Lamont anajibu najua.

Tarehe mbili Juni alipima. Lamont alikuwa anapanga zinki simu ilipolia.

"Kumi na moja nukta tatu," Solveig akasema. "Tarehe tisa wananipasua."

Lamont akakaa chini pale pale, katikati ya njia, wateja wanamruka.

"Jambo lingine," Solveig akaendelea. "Hizi simu za alfajiri nimezichoka."

 Lamont akauliza taratibu kama anataka waache.

"Nataka mtu wa kumwambia nimemeza bila kushika simu. Awe jikoni hapo, na suti yake akitaka. Nioe, Lamont. Usinijibu sasa, nenda kanywe kahawa kwanza, fikiri masaa mawili."

"Jibu langu halina haja ya tumbo tupu," Lamont akasema. "Ndiyo. Ndiyo, mpenzi."

Alivua aproni, akanikabidhi mimi, akaenda kwa Solveig. Ile karatasi ya risiti bado iko kwenye friji, nimeiona kwa macho yangu nilipokwenda kumsalimia Solveig baada ya upasuaji. Kizazi kimebaki salama. Mstari wa kwanza una maandishi mawili: ya Lamont, chuma na juisi, tumbo tupu, na chini yake ya Solveig, kwa kalamu nyekundu: muulize Lamont naye kama amelala.