Tikiti Mbili Zisizojuana

Jumatatu asubuhi ajansi ya tikiti ya Mama Fortunée, karibu na soko kuu la Kindu, ilikuwa imejaa. Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri, na kila aliyeingia aliacha tope jekundu sakafuni. Fortunée, mjane wa miaka arobaini na sita, alikaa nyuma ya meza akiwa amejifunga kikwembe chake cha kijani, miwani ikining'inia kifuani.

"Mwenye kufuata!"

Akasogea mwanaume mrefu mwenye ndevu za mvi na shati jeusi la msiba.

"Natafuta biye ya ndeke kwenda Kinshasa, Mama, ya Jumatano asubuhi. Ya kutoka kule kwenda Montréal niko nayo tayari, ni ya Jumatano magaribi."

"Siku moja? Apana, Papa. Hizi biye mbili hazijuane. Ndeke ya huku ikichelewa, ile ya kule haitakungoja. Ingekuwa biye moja, wangekupangia safari ingine. Hapa shida ni yako peke yako."

"Sasa nifanye je?"

"Ya Montréal tuisogeze mpaka Jumamosi. Ndeke ya Jumatano ikikosa kuja, iko ya Ijumaa. Mizigo utaichukua mwenyewe Kinshasa, uiandikishe upya. Na yule anayekungoja kule, mwandikie leo: kama haukufika utakuwa wapi, na apigie nani."

"Unasema kama muntu aliyeumia," mwanaume akatabasamu.

"Leta pasipoti."

Fortunée akavaa miwani, akasoma jina: Gauthier Assumani. Akalisoma mara ya pili.

"Gauthier wa Lokandu?"

Mwanaume akainama kumtazama vizuri. "Fofo? Wewe njo Fofo yangu?"

"Mama, sisi tuko na haraka!" mteja mmoja alipiga kelele nyuma.

Mwaka 1998 hawa wawili walikuwa wachumba. Gauthier alikuwa fundi wa redio Kinshasa, na Fortunée alikuwa anamfuata wafunge ndoa. Alikuwa na tikiti mbili za siku moja: Kindu mpaka Goma, halafu Goma mpaka Kinshasa. Usiku wa kuamkia safari waliongea kwenye fonia, ile redio ya mawasiliano ya misheni, na kila aliyekuwa foleni alisikia.

"Usichelewe, mupenzi."

"Nikipata mwanaume muzuri Goma, nitabaki huko huko!" Fortunée alijibu, na chumba kizima kikacheka.

Ndege ya Kindu ilichelewa. Alifika Goma Jumamosi mchana, tarehe moja Agosti, akakuta ya Kinshasa imekwisha kuondoka. Wakamwambia angoje Jumatatu. Jumapili vita vikaanza, nchi ikakatika vipande viwili. Barua tatu alizoandika hazikuvuka.

Jioni ile ile ya Jumatatu walikaa kwenye hoteli ndogo kando ya mto Lualaba, samaki wakipoa kwenye sahani. Gauthier alikuwa amekuja kumzika mama yake. Hakuwa amerudi kwao Maniema tangu vita.

"Nilijisemea umempata ule mwanaume wa Goma," alikiri.

"Gauthier! Ilikuwa muchezo!"

"Nilikuwa kijana, tena mwenye wivu."

"Haukungoja hata siku moja."

"Nani alikuambia? Siku tisa, Fofo. Siku tisa nilisimama kwenye uwanja wa ndeke wa Ndjili. Ndeke za mashariki zilikuwa hazikuje tena, na mimi nasimama tu. Siku ya kumi kaka yangu alikuja kunivuta mukono."

Fortunée akageuza uso mtoni. Miaka ishirini na tano alikuwa akiamini kwamba mtu huyu alirudi nyumbani jioni ile ya kwanza. Alikuwa amemchukia kwa ajili hiyo, na chuki ile ilimsaidia kuishi.

"Vita vilipokwisha, simu zilikuja," alisema kwa sauti kavu. "Haukunitafuta."

"Niliogopa. Nilijisemea nitapiga, nisikie watoto wako wanalia nyuma yako."

"Na mimi nilikuwa bado niko peke yangu! Niliolewa mwaka wa 2006. Alikuwa muntu mwema, sikujuta. Lakini ungepiga, Gauthier. Ungepiga tu."

Gauthier alilia bila kujificha, na Fortunée akamwacha alie.

Jumatano, saa nne, simu ya ajansi ikaita.

"Fofo, ndeke haikuja."

"Nilikuambia."

"Unacheka?"

"Kidogo. Njoo ule, niko na pondu ya moto."

Ndizo siku mbili walizopata. Walitembea kwa miguu wakitajiana marafiki waliokufa na waliobaki. Gauthier alieleza jinsi alivyoachana na mke wake, na habari za binti yao Malaika, anayesoma Montréal na kuishi naye huko. Alhamisi Fortunée alivaa hereni za dhahabu ambazo dada yake Adèle hakuwa amezitia machoni tangu msiba wa shemeji.

Ijumaa ndege ikatua. Kwenye foleni, katikati ya wanawake wenye vikapu, Gauthier akashika mkono wake.

"Nioe sasa hivi, nisiondoke."

"Mwanaume njo anaoa, bwana."

"Basi nikuoe."

"Mutoto wako anajua?"

"Bado."

"Enda kwanza umwambie uso kwa uso. Mimi siingie nyumba ya muntu kwa mulango wa nyuma."

Akaenda. Kinshasa alipiga simu. Jumamosi, kabla ya kupanda, akapiga tena. Baada ya hapo, kimya. Jumapili yote Fortunée hakula, na kanisani hakusikia neno hata moja la mahubiri.

Jumatatu, ajansi ikiwa imejaa tena, simu ikaita. Ilikuwa sauti ya msichana, Kiswahili chake kikijikwaa.

"Mama Fortunée? Mimi ni Malaika. Papa iko hapa, analia, hawezi kusema. Mimi nimekubali. Anauliza kama wewe pia unakubali."

Fortunée akawatazama wateja wake, wote wametega masikio.

"Mwambie anyamaze kulia," alisema, naye machozi yakimwagika. "Mwambie aje anioe."